Aliyelala Kifudifudi Juu ya Moto

Siku helikopta ilipopita Nyamahanga kwa mara ya kwanza, Idefonsi alitupa jembe akakimbilia migombani. Hakuwa peke yake. Karibu kijiji kizima kilikimbia, na mbuzi wakakimbia pia, lakini wengine baadaye walisimulia kwamba walisimama imara wakaitazama. Idefonsi hakusema hivyo hata siku moja. Alikiri kwamba alilala kwenye tuta la viazi, uso chini, mpaka ule mlio ukaishia upande wa Ngara.

Alikuwa Mhangaza, mzaliwa wa Ngara, aliyehamia Biharamulo kufuata ardhi baada ya shamba la babake kugawanywa vipande vidogo mno kwa ndugu. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makali na maneno machache. Mkewe, Francisca, alizaliwa Burundi. Alivushwa mpaka akiwa mgongoni mwa mamake mwaka wa sabini na mbili, akakulia na kuolewa huku. Walikuwa na mtoto mmoja, Nshoma, wakalima mihogo, maharage na migomba.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamekwisha kutimiza mwaka mmoja, na wa Burundi walikuwa bado wanaingia. Mahali palipokuwa pori tupu pakawa na kambi kubwa kuliko mji wowote ambao watu wa huku waliwahi kuuona, vibanda vya nyasi na maturubai ya buluu vimebanana kilima baada ya kilima. Miti ya karibu iliisha yote, kwa hiyo wanawake na wazee wa kambini wakawa wanatembea mbali sana kutafuta kuni. Kisha kikaja kiangazi kikali. Wafugaji walichoma nyasi ili majani mapya yaote, warina asali walisahau vijinga vyao chini ya mizinga, na upepo ukafanya yaliyobaki. Mwezi wa saba moto uliingia pembeni mwa kambi ukateketeza vibanda kabla watu hawajapata hata ndoo ya kwanza ya maji.

Baada ya msiba ule ndipo shirika moja la misaada lilipoleta helikopta ya kuzima moto na kuijengea kituo kipya kwenye uwanda ulio juu ya Nyamahanga. Kituo chenyewe kilikuwa mahema matatu, mapipa ya mafuta yaliyofunikwa turubai, na duara kubwa la chokaa ardhini.

Rubani alikuwa Mrusi aitwaye Gennadi, mtu mzima mwenye mvi, ambaye hakujua Kiswahili zaidi ya habari na asante. Fundi wake alikuwa Matiasi, Mtanzania, aliyesomeshwa ufundi wa ndege hukohuko Urusi enzi za ujana wake, akarudi na lugha yao kichwani. Mtunza mafuta alikuwa Philbert, kijana wa Biharamulo mjini, ambaye pia aliongoza watu wa kupambana na moto ardhini kwa majembe na matawi mabichi. Walikosa mtu mmoja tu. Matiasi akaja ofisi ya kata kumwulizia: awe mwepesi wa mwili, macho yake yaone mbali, ajue Kiswahili na lugha ya wakimbizi. Watu wote waliokuwa pale wakamgeukia Idefonsi, kwa kuwa Kihangaza na Kirundi ni kama mtu na ndugu yake, na Francisca alikuwa amemaliza kumfundisha yaliyobaki.

Idefonsi alitaka kukataa. Lakini macho yote yalikuwa juu yake, akaona haya, akaitika. Njiani kurudi nyumbani alisimama mara mbili kando ya barabara, akageuka kutazama ofisi ya kata.

Kazi yake ilikuwa hii. Chini ya helikopta ilining'inia ndoo kubwa ya turubai gumu kwa kebo ya chuma. Helikopta ilishuka juu ya bwawa, ndoo ikazama ikajaa, kisha ikapaa nayo mpaka kwenye moto na kumwaga. Rubani hakuiona ndoo kutoka kitini pake. Kwa hiyo palikuwa na tundu katikati ya sakafu, na mtu wa nne alilala kifudifudi pale, mkanda kiunoni, kichwa kikichungulia nje, ili aseme ndoo iko wapi. Alimwambia Matiasi kwa Kiswahili, na Matiasi akamwambia Gennadi kwa Kirusi. Tena alitakiwa kuangalia kama kuna watu chini, maana maji yale yakimwagwa yote kwa pamoja yalikuwa na uzito wa kuvunja kibanda na kumuua aliyemo.

Siku ya kwanza kupaa, alishika vyuma vya sakafuni mpaka vidole vikafa ganzi. Ardhi iliondoka chini ya kidevu chake. Aliona paa la nyumba yake likipungua likawa kama kifuniko cha chungu, akafumba macho. Matiasi akampiga begani.

"Ukifumba macho wewe, sote tumefumba," akamwambia.

Akayafumbua. Jasho jembamba lilimtiririka hadi likawa linadondoka kupitia lile tundu. Waliporudi alishuka, akaenda nyuma ya mapipa, akatapika. Philbert alimletea maji ya kunawa, wala hakumcheka.

Watu walimwambia atazoea. Hakuzoea. Kila asubuhi alipovaa ovaroli, mikono yake ilichelewa kupata vifungo. Moto ukionekana mbali, wenzake walitazama upepo unakotokea; yeye alitazama kebo, ndoano, na zile nati zilizoshikilia ndoano. Alilolihofia zaidi lilikuwa ule mnyororo wa maneno. Yeye aseme, Matiasi asikie, Matiasi ageuze, Gennadi asikie, mkono wa Gennadi uitikie. Katikati ya hapo, aliona, mtu angeweza kufa vizuri kabisa. Usiku aliota ndoo imekwama mahali na yeye anafungua kinywa lakini sauti haitoki.

Wiki ya tatu alimwambia Francisca kwamba ataacha. Walikuwa wanapukuchua maharage uani. Francisca hakumbembeleza wala hakumkemea. Alisema wahenga walishanena kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na yeye kama mke angechagua kicheko. Halafu akaendelea na maharage, akasema kwamba bado anakumbuka mamake akisimulia vile nyasi zilivyochomwa nyuma yao ili wasirudi.

"Amua mwenyewe, Baba Nshoma," akasema. "Ukibaki, mimi nitaogopa. Ukiacha, wale wa kambini wataogopa. Woga hautaisha."

Idefonsi akaamua kwamba atamaliza mwezi, halafu ataacha.

Mwezi haukwisha. Kulikuwa na siku moja ya upepo mkali, mwezi wa nane, wakaletewa habari kwa redio kwamba moto umetoka bondeni, umeruka kijito, unapanda kuelekea kambini. Walipopaa waliuona kabla hawajamaliza kugeuka. Haukuwa mstari kama mioto mingine. Ulikuwa umejigawa mikono miwili yenye bonde katikati, na moshi wake ulikuwa wa manjano, ukilala chini kama kitu kinachonusa. Idefonsi alitazama kebo, ndoano na nati. Hakuna kilicholegea, hata hivyo alitazama tena.

Walichota maji kwenye bwawa la mafunjo, wakamwaga. Wakarudi, wakachota, wakamwaga. Mahali walipomwaga moto ulilala, kisha ukainuka tena pembeni. Mara ya tatu, wakitoka bwawani na ndoo imejaa, moshi uliwafunika. Idefonsi hakuona kitu. Akasema kwamba haoni. Kabla neno halijafika kwa Gennadi, helikopta ilivutwa chini kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba yake.

Moshi ukapasuka kidogo, akaona. Ndoo ilikuwa imeingia kwenye panda ya mti mkavu, kebo imejizungusha kwenye tawi. Helikopta iliinama upande mmoja, makopo na kamba zikaporomoka sakafuni, mlio wa mapangaboi ukabadilika ukawa mzito. Hapo alitakiwa aseme neno moja tu, kata, na Matiasi avute mkono wa chuma wa kuachia kebo. Idefonsi akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Alichoweza ni kuinua ngumi na kumpiga Matiasi mguuni, akapiga tena na tena, kwa nguvu zake zote, kama mtu anayebisha kwenye nyumba iliyolala.

Matiasi alivuta. Kebo ikaondoka kwa mlio, helikopta ikaruka juu kwa ghafla hadi matumbo yakawapanda kifuani. Ndoo ilibaki kwenye mti, maji yakimwagika.

Hawakuwa na ndoo nyingine. Gennadi aligeuza ili warudi kituoni, na sasa Idefonsi alikuwa analia, si kwa huzuni, ni machozi tu yanayotoka yenyewe. Ndipo kupitia tundu lile akaona watu. Walikuwa kwenye uwanda mdogo wa mawe, katikati ya ile mikono miwili ya moto, mizigo ya kuni imetupwa ovyo kando yao. Wanawake, na mzee mmoja. Sauti yake ilirudi.

"Kuna watu," akasema. "Matiasi, kuna watu chini."

Matiasi akamweleza Gennadi. Idefonsi alisubiri jibu huku moyoni akiomba jambo ambalo baadaye hakupenda kulikumbuka, kwamba rubani aseme haiwezekani. Gennadi alizunguka mara moja, akashuka.

Magurudumu yalipogusa mawe, wale watu walitawanyika. Hawakuikimbilia helikopta, waliikimbia, na njia pekee iliyokuwa wazi ilikuwa ya kwenye moshi. Matiasi hakuweza kutoka, ilimbidi asimame mlangoni kuangalia mkia usiguse mti. Wala Kirundi hakukijua. Akamfungulia Idefonsi mkanda na kumwonyesha mlango.

Idefonsi aliruka. Joto lilimpiga usoni kama mlango wa tanuri. Alianza kuwafuata akiita, nao wakazidi kukimbia, mpaka akajiona kama wanavyomwona wao: mtu aliyetoka ndani ya helikopta, mwenye kofia ngumu na nguo za rangi moja. Akaivua kofia akaitupa. Akasimama palepale, akaita kwa Kihangaza, kwa sauti ya mtu anayeita majirani ng'ambo ya kilima.

Akawaambia kwamba yeye si askari. Ni mkulima wa hapo Nyamahanga, mkewe ni mtu wa kwao, na wasipokuja sasa hivi watakufa yeye akiwaona.

Waliisikia lugha. Wakasimama. Karibu naye alikuwa mama mmoja kijana aitwaye Nimpaye, ambaye jina lake Idefonsi alilijua baadaye, mtoto amefungwa mgongoni. Nyuma yake yule mzee alisimama na shoka begani. Huyo aliitwa Bukuru.

"Kitu hicho tunakijua," mzee akasema. "Kwetu kilikuja kikatupiga risasi kutoka juu. Wanangu wawili walikufa chini yake."

"Hata mimi ninakiogopa, mzee," Idefonsi akajibu. "Ninakipanda kila siku na kila siku ninakiogopa. Lakini ule moto ninauogopa zaidi."

Hakuwa amelipanga neno hilo, lilimtoka tu. Yule mama alimtazama kwanza yeye, kisha ule moshi, akaanza kutembea kuelekea helikopta, ameinama, mkono mmoja nyuma ukimshikilia mtoto. Wengine wakamfuata. Idefonsi aliwainamisha vichwa mmoja mmoja chini ya mapangaboi na Matiasi akawavuta ndani.

Bukuru hakuja. Idefonsi alimrudia mbio. Na kwa sababu mtu akishikwa na hofu hufanya yale aliyozoea, alipofika mbele yake alijikuta anasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," mzee akaitikia, kwa utulivu, kana kwamba wamekutana sokoni. "Wapeleke hao. Mimi nitaingia kwenye mafunjo, kuna maji."

Idefonsi alimshika mkono akamvuta. Mzee alikuwa na nguvu za mtu aliyelima maisha yake yote. Alijikaza kama gogo, kisha akauondoa mkono wa Idefonsi, kidole kwa kidole, bila hasira. Nyuma Matiasi alikuwa anaita. Mkono mmoja wa moto ulikuwa umefika kwenye mizigo ya kuni, na kuni zikaanza kulia. Idefonsi alitazama huku, akatazama kule, akakimbia kurudi helikoptani. Hapo hakuwaza. Miguu ndiyo iliyoamua.

Walipopaa alilala tena kwenye tundu. Alimwona mzee Bukuru akishuka kuelekea bwawani, si kwa mbio, shoka bado begani. Kisha moshi ukafunika.

Moto ulisimama jioni ileile barabarani, mahali ambapo Philbert na wanakijiji, pamoja na vijana wa kambini, walikuwa wametangulia kuchoma ukanda mpana wa nyasi na kuulinda kwa matawi. Kambi ilipona. Asubuhi yake watu walimkuta Bukuru ukingoni mwa bwawa, miguu ndani ya maji. Moto haukumgusa. Moshi ndio uliomwua.

Idefonsi hakwenda kazini. Alikaa ndani, mlango umefungwa, akisikia mapangaboi hata wakati kulikuwa kimya. Matiasi alikuja kumwona, akakaa kidogo, akasema ndoo nyingine inaletwa, akaondoka bila kumwuliza lolote.

Siku moja mchana Francisca aliingia akamwambia wana wageni. Nimpaye alikuwa amekaa kwenye mkeka uani na mtoto wake, na pamoja naye msichana mrefu aliyefunga kitambaa cheusi kichwani. Francisca akasema kwa sauti ya chini kwamba huyo ni Diane, binti wa mzee Bukuru.

Idefonsi alikumbwa na hofu isiyofanana na ile ya angani. Ile ya angani ilikuwa na kebo, na ndoano, na mkono wa chuma wa kuvuta. Hii haikuwa na pa kushika. Alitoka nje kwa sababu tu hakukuwa na mlango wa nyuma. Diane alimwamkia kwa heshima, naye akaitikia, akakaa kwenye kigoda, akatazama chini.

Diane alieleza kwamba kambini watu wanasema helikopta ilijaa, kwamba mzee aliachwa kwa kukosa nafasi, kwamba wazee siku zote ndio huachwa. Nimpaye amewaambia sivyo, lakini Nimpaye alikuwa ndani tayari, hakusikia walichosemezana.

"Ninaomba uniambie wewe," akasema. "Nafasi ilikuwapo?"

Kusema haikuwapo kungekuwa rahisi, na pengine kungemfaa kila mtu. Idefonsi aliinua macho akamtazama.

"Nafasi ilikuwapo," akasema. "Nilimshika mkono nikamvuta. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Alisema wanawe wawili walikufa chini ya kitu kile. Akaniambia niwapeleke wengine, yeye ataingia kwenye mafunjo. Kisha mimi nikakimbia. Niliogopa, nikakimbia."

Kuku walipita kati yao.

"Basi alikwenda kwa miguu yake," Diane akasema. "Hakutupwa."

Ndipo akalia, na Francisca akaketi karibu naye, wakazungumza kwa Kirundi mpaka jua likapungua, habari za vilima ambavyo mmoja alivikumbuka na mwingine alivisikia tu kwa mamake. Walipoondoka Francisca aliwafungia maharage kwenye khanga. Idefonsi aliwasindikiza hadi barabarani. Diane alimshukuru, naye akasema wafike salama.

Ndoo mpya ilipofika, alirudi kituoni. Hakumpa mtu sababu, na kwa kweli hakuwa nayo iliyonyooka. Philbert alimkabidhi kofia nyingine. Gennadi alimwona, akasema habari, akapanda kitini pake. Waliruka mpaka mvua zikanyesha, wakaruka tena kiangazi kilichofuata. Idefonsi hakuacha kutapika nyuma ya mapipa, ila sasa alifanya upesi na kurudi. Sauti ilimkauka mara nyingine mbili tatu, na kila mara ngumi ilifanya kazi yake, hata Matiasi akawa anavaa kitambaa kinene kwenye goti.

Mwisho wa mwaka wa tisini na sita Wanyarwanda waliamriwa kurudi kwao. Barabara ya kwenda mpakani Rusumo ilijaa watu, mizigo na mvua. Warundi walihamishiwa kambi nyingine, vilima vya kambi vikabaki vyekundu na vitupu, na haukuwepo tena moto wa kuzimwa huko. Kituo kikafungwa. Matiasi alimwambia Idefonsi kwamba wanahamia nchi nyingine, na kwamba Gennadi amemtaka aende nao kwa kuwa hajawahi kupata mtu wa tundu anayeangalia kama yeye. Idefonsi alishukuru, akakataa. Safari hii hakuona haya.

Diane hakurudi na wale waliorudi, kwa kuwa yeye alikuwa wa Burundi. Baadaye aliolewa na kijana wa Nyarubungo, na siku za soko hupita kwa Francisca kumsalimu.

Idefonsi amebaki kwenye mihogo na migomba yake. Kila mwaka mvua zinapokatika tu, nyasi zikiwa bado na ubichi, yeye huchukua jembe akaanza kusafisha ukanda mpana kuzunguka shamba lake, akimaliza anaunganisha la jirani. Francisca humwambia kiangazi bado kiko mbali, apumzike.

"Niache niogope mapema," humjibu, akaendelea kulima.